TAHADHARI MTWARA: Ukiambiwa "amplifaya yako imekufa, ongeza hela nikupe nyingine", chukua mali yako uondoke

Ndugu zangu wa Kusini, msimu wa korosho hela inazunguka na miziki inafungwa kila kona, kuanzia bajaji za mjini mpaka Noah za Masasi na Newala. Wapigaji nao huu ndio msimu wao. Kuna fundi hapa Mtwara mjini ambaye pia anauza amplifaya za magari, na watu wanazidi kulizwa. Jina sitaji, kesi siitaki. Nataja anavyofanya kazi, mwenye kumjua atamjua.

Unampelekea amplifaya inayowaka taa nyekundu na mziki hautoki. Anaichomeka kwenye betri yake, anaikazia macho, anainusa, anatikisa kichwa. "Hii imeliwa na chumvi ya bahari, kaka. Mosifeti zote zimeondoka, transfoma nayo imeungua." Mosifeti ni vile vipande vya kielektroniki vya ndani vinavyosukuma nguvu. Spea mpaka ziagizwe Dar, laki na nusu, na hakupi uhakika. Halafu anakuonea huruma: acha hiyo mbovu hapa, ongeza elfu themanini, chukua hii ya wati 3000. Dereva mwenye hesabu ya bosi kichwani hana muda wa kubishana. Anatoa.

Wakati wote huo kava haijafunguliwa. Hakuna binadamu anayejua mosifeti imekufa kwa kuinusa kutoka nje!

Mimi kazi yangu ni kufunga miziki kwenye magari, na najua mtasema namuonea wivu mwenzangu. Semeni. Lakini kila amplifaya ninayoifungua huwa naandika alama yangu kwa maka peni upande wa ndani wa kava. Kijana mmoja wa bajaji, mteja wangu, nilikuwa nimembadilishia tu kituo cha waya wa rimoti, ule mwembamba wa kuiwasha amplifaya kutoka redioni, kilichokatika. Baadaye ikamwakia nyekundu nikiwa msibani Mikindani, akaenda kwa huyo bwana, ikawa ndiyo hiyo habari ya chumvi. Haukupita muda, mzee mmoja akaniletea amplifaya "iliyotoka Dubai" nimfungie kwenye Probox yake. Nikafungua kava kuikagua kama kawaida yangu: mwandiko wangu huo hapo, ni ileile ya kijana wa bajaji. Mosifeti zote za kiwandani, risasi ya kuunganishia haijaguswa na pasi ya fundi. Haikubadilishwa kitu hata kimoja, kwa sababu haikuwa na ugonjwa.

Ugonjwa ulikuwa kwenye bajaji. Waya wa spika ya nyuma ulipita chini ya siti ya abiria, ukasuguliwa na chuma mpaka shaba ikatoka nje na kugusa bodi. Amplifaya ikiona shoti kwenye spika inajikata yenyewe isiungue, na ile taa nyekundu ya protekti (kinga) ndiyo inakuambia hivyo. Tiba yake ni tepu nyeusi ya umeme na kuuhamisha waya.

Sasa hiyo ya "wati 3000" aliyopewa kijana. Nje ni pande kubwa la alumini, ukilibeba unasema kweli huu ni mzigo. Ndani, ubao unajaza kama theluthi tu ya nafasi, kilichobaki ni hewa. Fyuzi yake ni moja ya ampea 25. Piga hesabu mwenyewe: gari likiwa linaunguruma linatoa volti 14 hivi, mara 25 unapata wati 350 zinazoingia, na zinazotoka kwenye spika ni pungufu ya hapo kwa sababu nyingine zinaishia kuwa joto. Hizo 3000 zimetoka kwenye stika. Mstari wa mosifeti nao ulikuwa mchanganyiko, mbili zimefutwa maandishi na kuchapwa upya, na moja imekazwa kwenye alumini bila kile kikaratasi cha kuzuia umeme. Zinazofanya kazi sambamba hubadilishwa zote kwa pamoja, za aina moja. Ukichomeka moja ngeni katikati ya za zamani, mzigo unaangukia chache, zinachemka na kupasuka.

Kabla hujampelekea fundi yeyote, mimi nikiwemo, fanya hivi nyumbani. Zima mziki, chomoa waya zote za spika na zile za RCA, zinazoleta mziki kutoka redioni, kwenye amplifaya. Bakisha tatu tu: chanya, hasi na rimoti. Washa. Taa ikiwa ya kijani, amplifaya yako ni nzima kwa sehemu kubwa, tatizo liko nje. Zima, rudisha RCA kwanza uone bado ni kijani, kisha rudisha spika moja, washa mziki kwa sauti ndogo, uendelee hivyo mpaka ile itakayorudisha wekundu, basi waya wake au spika yenyewe ndiyo mwizi wako. Mwenye mita apime kila waya wa spika na bodi la gari, isilie. Sabufa ya omu 4 kwenye mita husoma 3 na pointi kadhaa, hilo si kosa. Ila ukiunganisha koili mbili za omu 4 sambamba unapata omu 2, na amplifaya nyingi zikifungwa kwa briji (chaneli mbili kulisha spika moja) hazitaki chini ya 4. Nyekundu hapo ni haki yake.

Chumvi ipo, sikatai, tunaishi pwani. Lakini mara nyingi inakula vituo vya waya na pale hasi ilipofungwa kwenye bodi, ambapo msasa unatosha.

Ikibaki nyekundu na waya tatu tu, au fyuzi inakatika papo hapo ukiunganisha chanya, hapo kweli ifunguliwe. Ifunguliwe mbele yako. Piga picha ubao kabla pasi haijashikwa, dai vilivyotolewa urudishiwe mkononi, na isilale kwake bila maandishi. Na asikuwekee fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya "ili ishike". Gari linaungua hivyo.

Kwa mliokwisha kununua kwake: kabla hamjaanza kupiga mziki mkubwa, fungueni kava mtazame ubao, fyuzi na skrubu zilizoliwa vichwa. Mwenye risiti au ujumbe wa muamala autunze. Kijana wa bajaji alirudi kudai, akaambiwa yake ilishatupwa jalalani. Nilipomtumia fundi huyo picha ya alama yangu na namba ya utambulisho (serial) iliyo kwenye stika ya chini, hela ya nyongeza ikarudi siku ileile, ila mzee wa Probox bado anazungushwa.