Kisiki cha Ziwa Superior ukutani Lamu: uzoefu wangu na chapa ya Lawren Harris

Chapa hii, yaani nakala iliyochapwa ya mchoro wa Lawren Harris, mchoraji wa Kanada, ina miezi saba ukutani kwangu Mkomani, na ni ya pili. Ya kwanza iliharibika. Nitaeleza ilivyokuwa, maana aliye pwani akiagiza kama nilivyoagiza mimi, atapata hasara ile ile.

Mchoro wenyewe unaitwa North Shore, Lake Superior, wa mwaka 1926. Ule wa asili uko kwenye Jumba la Taifa la Sanaa mjini Ottawa, Kanada: kimo chake kinapita mita moja, na upana karibu mita 1.3. Katikati kimesimama kisiki kirefu cha mti uliokufa, kimebambuka magome, na mwanga umekipiga ubavu mmoja. Nyuma yake, chini kabisa, ni maji ya ziwa, na juu mawingu. Hamna mtu wala mashua.

Harris alizaliwa 1885 huko Brantford, Ontario. Ukoo wake ulitengeneza mashine za kilimo. Mwaka 1891 kampuni yao iliungana na ya akina Massey, na matrekta mekundu ya Massey Ferguson yanayolima bara yametokana na muungano huo. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuchora ili apate ugali wa kesho, na nadhani ndiyo maana alithubutu kuchora patupu. Mwaka 1920 alikuwa mmoja wa wachoraji walioanzisha Group of Seven, kundi la wachoraji wa mandhari ya Kanada. Mwaka uliofuata alifika ukingo wa kaskazini wa Ziwa Superior pamoja na A. Y. Jackson, akawa anarudi tena na tena. Ziwa hilo ni pana kuliko hata Ziwa Victoria. Moto ulikuwa umepita kwenye misitu ya huko, ukaacha mashina matupu yamesimama juu ya miamba, na macho yakapata nafasi ya kuona mbali. Hapo ndipo alipopapenda. Mwaka 1930 alipanda meli ya Beothic hadi Aktiki, akarudi na michoro ya milima ya barafu inayoelea baharini.

Mchoro wake mmoja wa milima uliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa zaidi ya dola milioni 11 za Kanada, basi sisi wengine riziki yetu ni chapa.

Ya kwanza niliagiza kwa simu kutoka duka la uchapaji Mombasa. Ilikuwa ya karatasi ya kung'aa, imebanwa na kioo. Ilipofika kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti, niliifungua nikaona buluu ya ziwa imegeuka zambarau. Nilipolalamika niliambiwa ndivyo rangi za skrini zilivyo. Nikanyamaza, nikaitundika. Masika ilipoingia, karatasi ikanasa kwenye kioo, na madoa ya ukungu yakaanza pembeni kama madoa ya chai. Iliniuma sana, kwa kuwa nilikuwa nimejinyima.

Mara ya pili nilibadili duka na nikauliza kabla ya kulipa. Niliomba kwanza wanichapie kipande kidogo cha majaribio, upana wa kiganja, nikipime rangi mchana nje ya nyumba. Nilichagua kanvasi isiyong'aa, upana wa sentimita 90, bila kioo. Ililetwa imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, haina hata kunjo moja. Nikaipeleka kwa fundi seremala wa mtaani.

"Ami, nataka fremu ya msaji, nyembamba, isiyo na nakshi."

"Lamu hii, fremu bila nakshi? Mwanangu, nipe japo ua moja."

Nikaikunjua mbele yake. Alikitazama kile kisiki kwa muda, akapitisha kidole ubavuni mwake penye mwanga. "Mlingoti huu," akasema. "Wa jahazi lililokwisha safari." Hakutaja nakshi tena. Ni yeye pia aliyegongomea vibao vinne nyuma ya fremu ili isigusane na ukuta, maana kuta zetu za matumbawe na chokaa hutoa chumvi, na ukutani hewa lazima ipite. Fremu ilinigharimu karibu sawa na chapa, na sijuti.

Nimeitundika ndani, chumba cha nyuma kabisa chenye zidaka (vishubaka vya ukutani), ambako mwanga hufika kutoka uani tu, umechujwa. Nilihofia picha ingezama gizani. Kinyume chake, alasiri chumba kikianza kufifia, kile kisiki ndicho kinachobaki kimeng'aa mwisho. Mama, ambaye hajawahi kuona theluji wala hana haja nayo, amehamishia mkeka wake mkabala nacho na ndipo anapovutia uradi. Anasema pametulia.

Kasoro ninayoiona ni ukubwa. Kwa sentimita 90 mawingu yanabanana, na ule umbali wa maji kule chini unapungua. Mwenye ukuta wa kutosha achukue upana kamili wa asili. Nami nimeshaupima ukuta wa ngazini kwa ajili ya ile milima ya barafu: unaingia mita moja na robo.