TAHADHARI: Tapeli wa vifaa vya modeli za karakana ya reli (MGR, ile reli ya zamani yenye upana wa mita moja)

Wakuu habari za mchana, naomba msome hii mpaka mwisho kabla hamjatuma hela kwa mtu, hasa nyie mnaojenga karakana na stesheni za zamani kwa mkono. Kuna jamaa anauza "seti kamili ya karakana ya Garratt, kipimo 1:87" (Garratt ni kile kichwa kirefu cha treni ya mvuke, na 1:87 maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87), anadai ndani kuna mabati, kenchi, reli, mataruma na ramani. Picha zake kali kweli, ukuta una masizi, vyuma chakavu vimerundikwa mlangoni, sema sio zake, ukizitafuta Google unakuta ni za mafundi wa Ulaya, zingine kazikata pembeni ili jina la mwenyewe lisionekane. Mimi kanila laki mbili na nusu.

Na mzigo alituma, hapo ndo ubaya wake ulipo, mana angekula hela akapotea watu wangeshtuka mapema, huyu anakuletea kitu ambacho kwa macho kinafanana mpaka ushike rula. Reli alizoniletea zina mm 16.5 kati ya chuma na chuma. Sasa piga hesabu, MGR ina mm 1000, gawanya kwa 87 unapata 11.5, ndo mana wenzetu wote wanaojenga MGR kwa 1:87 wanatumia reli ya mm 12, hata TAZARA yenye 1067 inakaa humo humo. Hiyo 16.5 ukizidisha kwa 87 unapata 1435, yani kaniuzia SGR niiweke kwenye karakana ya mwaka 1956!

Mabati ndo yaliniuma zaidi. Bati la kweli la mgongo mdogo, toka mgongo mmoja mpaka mwingine ni kama mm 76, kwa kipimo chetu inatakiwa mm 0.9 hivi, migongo kumi iingie kwenye sentimita moja kasoro kidogo. Yake mgongo mmoja tu ni mm 3, ukilipaua jengo kila mgongo unakuwa na upana wa robo mita na ushee, linaonekana limeezekwa kwa mabomba. Na wala msihangaike kuyanunua, chukua foili ya jikoni na nondo ya nyuzi ya M5 (unene mm 5), toka uzi mmoja mpaka mwingine ni mm 0.8, laza foili juu ya mpira laini afu uviringishe nondo huku unakandamiza taratibu, bati linatoka safi kabisa.

Ile plastiki anayoita stairini nayo ni povu la mabango. Stairini ya kweli, ile plastiki ngumu ya kujengea modeli, ukiichora kwa kisu ukaikunja inakatika mstari ulionyooka, hii inajikunja tu kama ndala na gundi ya kuyeyusha haiishiki.

Ramani sasa. Haina mstari wa kipimo, na shimo la kukagulia lina sm 25 tu. Garratt za class 59, zile 34 za kiwanda cha Beyer Peacock zilizokuwa zinavuta Mombasa Nairobi enzi za East African Railways, zilikuwa na urefu wa karibu mita 32, kwa 1:87 ni sm 36 na nusu, kwa iyo karibu theluthi ya kichwa inabaki nje na fundi hafikii magurudumu ya nyuma. Mtu aliyeichora hajawahi kuipenda reli hata siku moja.

Nilipomuuliza akasema mzigo sahihi umekwama forodha, nitume elfu themanini autoe, nilipokataa kaniblok. Kuna kijana wa Morogoro kaambiwa maneno hayo hayo na akatuma, inauma mana ile ilikuwa hela yake ya kuanzia hobi. Msitume ya forodha hata kama mshalipa advansi.

Kabla ya kulipa mwambieni awapigie video kol, aweke rula juu ya reli na juu ya bati mkiwa mnaona, na jina linalotokea kwenye muamala lifanane na analojiita. Namba yake nimeshairipoti 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi nimefungua jalada. Kashabadilisha jina, sasa hivi anatangaza "karakana ya Tabora" kwa picha zile zile, kwa iyo mwenye risiti ya muamala au skrinshoti za mazungumzo naye anitumie inboksi niziongezee kwenye jalada, na boksi la mzigo msilitupe.