Kozi ya makala: laki na nusu yangu na kalamu nyekundu

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Nilijiunga na kozi ya Jumamosi ya uandishi wa makala na simulizi binafsi, hapa hapa Dar. Ilikuwa Machi au Aprili, mvua zilishaanza. Siwataji, wanajijua.

Wiki mbili za mwanzo tuliimbishwa nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi kama chekechea. Halafu ile piramidi iliyopinduliwa, kizito juu, chepesi chini. Hiyo si ya habari ya ajali Kibaha? Habari mhariri anaikata mkia nafasi ikibana. Makala mkia wake una kazi. Nikanyamaza, nimeshalipa.

Wiki ya tatu nikapeleka simulizi ya marehemu baba, kondakta wa UDA, shirika la mabasi ya Dar, enzi za Ikarus, yale mabasi ya kumbakumba. Mkufunzi akaisoma kwa sauti mbele ya darasa zima, jicho moja kwenye simu. Ghafla akasimama: "Sasa bibie, baba yako ni nani mpaka mtu atoe buku lake anunue gazeti amsome?" Watu wakaangua kicheko. Bibie! Nina watoto wawili sekondari. Akashika kalamu nyekundu, akafyeka ukurasa wa kwanza wote na nusu ya wa pili. Simu ikaita, akatoka nje. Aliporudi: "Anayefuata."

Nililia kwenye daladala mpaka Mbagala, sitanii.

Usiku nikaitoa ile karatasi niichane. Ukurasa uliofyekwa ulianza hivi: "Tangu enzi na enzi, usafiri umekuwa nguzo muhimu ya maendeleo ya taifa lolote." Ehe. Mstari wa kwanza ulionusurika ulisema kidole gumba cha baba kilikuwa cheusi kwa wino wa tiketi, na kila jioni mama alimwekea kipande cha ndimu akisugue kabla hajagusa ugali.

Kumbe yule jeuri aliona! Au hakuona? Maana kalamu iliishia pale simu ilipoita, na jirani yangu wa dawati ni shahidi.

Nilikuja kuwapa nyota moja. Hapo juu nikafika tatu. Nikikumbuka kile kicheko narudi mbili, basi iwe mbili. Ada ya awamu ya pili nimetuma jana usiku, msiniulize. Makala sasa inaanzia kwenye ndimu, na Jumamosi naisoma mwenyewe.