Sabu wa AFL, ligi ya soka la Australia: dogo mwenye mbio au mrefu wa kurukia mpira?
Kwa sheria ya 2023 hadi 2025 timu ilikuwa na 18 uwanjani, wanne wa benchi wanaoingia na kutoka, mwisho mara 75 kwa mechi, halafu sabu mmoja, huyo akishaingia aliyempisha alikuwa harudi tena. Sasa nani alifaa kukaa hapo? Kwa dakika za mwisho mi nilimpenda dogo mwenye mbio, robo ya nne pale MCG, uwanja wa Melbourne, mabeki wameshika magoti wanahema, yeye ndo kwanza anaanza, anawapita tu. Ila mrukaji wako akitegua goti mapema dogo alikuwa hakusaidii kitu. Na kumkalisha dogo benchi kila wiki kulimdumaza, iliuma kweli. Ulikuwa na mrukaji mmoja tu? Ungeweka mrefu. Wawili wazima, ungechukua mbio.