Softie na The Letter: filamu mbili, wanawake wawili

Kati ya filamu za dokumentari za Kenya nilizotazama, mbili ndizo zimenikaa moyoni, na zote zimenikaa kwa sababu ya mwanamke aliyeletewa vita mlangoni bila kuvitafuta.

Ya kwanza ni Softie ya Sam Soko, iliyotoka 2020. Inamhusu Boniface Mwangi, na Mkenya gani hamjui? Ndiye mpiga picha wa gazeti aliyezunguka na kamera wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ndiye aliyemzomea Rais Kibaki uwanjani Nyayo siku ya Madaraka 2009, ndiye aliyepeleka nguruwe na damu mlangoni mwa Bunge 2013 wabunge walipotaka kujiongezea mishahara. Filamu inamfuata hadi anapowania ubunge wa Starehe 2017. Lakini mimi macho yangu yote yalikuwa kwa Njeri, mkewe.

Njeri ana watoto watatu, na mume anayeitanguliza nchi mbele ya nyumba yake. Si kwamba hamuungi mkono. Anasimama naye, ila anamwambia wazi kwamba kwake yeye familia ndiyo ya mbele. Vitisho vinapozidi anawachukua watoto wanakwenda Marekani, kampeni inaendelea Nairobi bila wao. Hapo ndipo iliponishika. Soko angeweza kubaki barabarani na vitoa machozi, maana picha hizo anazo na zinatisha, lakini kila mara anarudi nyumbani, kwa mama aliyechoka kuambiwa avumilie. Mke wa mwanaharakati tumezoea kumwona mahakamani au mazishini, kajifunga leso, kanyamaza. Huyu anasema, na hasira yake ina haki.

Sehemu ya kampeni nayo inauma. Boniface anakataa kuhonga, na baadhi ya wapiga kura wanamtazama kama mgeni aliyekuja harusini mikono mitupu. Sikuweza kuwalaumu watu wale. Mtu ambaye mgombea humwona mara moja kila miaka mitano ataikataaje noti anayonyooshewa? Kiti kikaenda kwa mwanamuziki Jaguar, kwa tiketi ya Jubilee. Ninachoilaumu filamu ni pale inapopitisha mbio historia ya ukabila wetu tangu enzi za Mwingereza. Mgeni atapotea, na sisi tunaoijua hatuongezewi kitu.

The Letter ya Maia Lekow na Chris King, mtu na mkewe, ilitangulia mwaka mmoja, 2019, na ndiyo Kenya iliyoipeleka kuwania Oscar ya filamu za kimataifa. Naipenda zaidi. Kijana anaitwa Karisa, anaishi Mombasa. Anaona Facebook nyanyake anaitwa mchawi, anafunga safari kurudi kijijini kujua kulikoni.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Wazee wa Kilifi wamekuwa wakikatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi kwa miaka mingi, na kule Ganze kuna Kaya Godoma, wanakohifadhiwa waliokimbia kwao. Kwenye taarifa ya habari jambo hili huchukua dakika moja: nyumba iliyochomwa, chifu akilaani, kisha michezo. Lekow na King wamekaa. Wamekaa hadi ukawajua wanafamilia, nani anasema nini mbele ya nani. Nyanya mwenyewe yumo katika miaka ya tisini na bado anashika jembe. Nilimtazama akiwa shambani nikajiuliza, huyu wanayemwogopa ndiye huyu? Haombi kuonewa huruma. Anaishi tu, huku walio damu yake wakigawanyika, wengine wakimtetea waziwazi, wengine wakizungumzia uchawi na maombi, wengine kimya. Hao wa kimya ndio walionitia hofu.

Niliitazama na shangazi yangu wa Kaloleni. Sisi wadogo tulikuwa tunabishana kama wale wanaomtuhumu bibi wanaamini kweli wanachokisema. Shangazi akauliza, “Mwanangu, hilo shamba ni ekari ngapi?” Hakuongeza neno, akaendelea kunywa chai. Na filamu, bila kumkaripia mtu yeyote, inakufikisha pale pale alipofika shangazi: ardhi ya ukoo ina bei siku hizi, na mzee aliyekaa juu yake hafi haraka.

Inaanza taratibu, na mwenye haraka huenda akaiacha mapema. Asiiache. Lile jambo la polepole ndilo linalokufanya uogope baadaye, kwa sababu ugomvi wenyewe hauna kelele. Ni maneno ya kawaida ya watu wanaokula pamoja.

Softie ningewaomba wanaume wenye wake na ndoto kubwa waitazame wakiwa wamekaa na wake zao, wasiitazame kwenye simu peke yao. The Letter nataka ionyeshwe zaidi huko huko Ganze, Magarini na Kaloleni, kwa shuka jeupe na jenereta, na vijana wenye hamu ya kuuza viwanja wawepo. Picha ikiisha watu wasiondoke. Wabaki wajibu swali la shangazi, kila mtu kwa shamba la kwao.