Maji yanakimbilia mlangoni

Nyota moja, na hiyo ni ya kuta. Sakafu haistahili hata nusu.

Mkandarasi huyu wa hapa Kampala alichukua bafu la mita mbili kwa mbili, akala asilimia 70 ya pesa, akaacha pembe moja haina vigae na grauti, ile saruji ya kuziba mianya kati ya vigae, haijatiwa. Hayo yanamalizika. Mteremko ndio balaa. Mwaga ndoo ya maji: yanapita kando ya shimo la kutolea maji, yanasita, kisha yanaelekea mlangoni mpaka koridoni. Sakafu ya bafu hushuka sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea shimoni. Hapa shimo liko juu ya kizingiti kwa milimita sita! Kumpigia simu, ananijibu: "Nnyabo (yaani mama), maji yatakauka tu." Akakata. Jibu hilo limeniuma kuliko pesa.

Nikagonga vigae kwa sarafu ya shilingi 500. Karibu theluthi vinalia utupu. Gundi iliwekwa matonge matano, kila pembe moja na katikati moja, badala ya kutandazwa kwa mwiko wa meno. Maji hupenya kwenye grauti, hujaa katika zile nafasi, na kigae kisichoegemea kitu hupasuka. Nilipong'oa kimoja nilikuta zege tupu, jeusi kwa unyevu, bila tone la kizuia maji.

Ukiachiwa kazi hivi, usikimbilie fundi mwingine. Piga picha kwanza, pimamaji ikiwa juu ya kigae. Hesabu vifaa vilivyobaki, na usome namba ya toleo kwenye boksi za vigae, maana rangi hutofautiana toleo kwa toleo. Fundi wa pili aandike bei mbili: ya kumalizia, ambayo inatoka kwenye ile asilimia 30 uliyoshikilia, na ya kurekebisha, ambayo unamdai wa kwanza. Mwandikie huyo wa kwanza barua ya madai, umpe siku 14 za kujibu. Akinyamaza, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, hadi shilingi milioni 10, na hauhitaji wakili.

Na usikubali vigae vipya vibandikwe juu ya vya zamani. Mlango utakwama na utupu utabaki chini. Vunja, tengeneza mteremko, paka kizuia maji mara mbili ukikipandisha ukutani sentimita 15. Kikikauka, ziba shimo, jaza maji, acha saa 24. Yasiposhuka ndipo vigae viingie.

Nikiwa mkweli, kuta zake sijaona mfano. Mistari imenyooka kutoka chini hadi dari, pembe zimekutana sawasawa. Wiki nzima nilikuwa nasema pengine ni vibarua wake walioharibu sakafu. Lakini kila nikiziangalia hasira inapanda upya: mtu anayenyoosha mistari namna ile alijua vizuri maji yanaelekea wapi. Ile nyota ya kuta naifuta.