Mafunzo ya mahudhurio na nidhamu kwa wakuu wa shule: tathmini ya naibu mmoja wa Eastlands

Mafunzo haya hufanyika siku za Jumamosi jijini Nairobi, yakiendeshwa na shirika dogo la ushauri wa elimu ambalo sitalitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko juu yake pamoja na sifa. Yanawalenga wakuu wa shule na manaibu wao, yaani sisi tunaoletewa rejista yenye mapengo asubuhi na kesi ya utovu wa nidhamu kabla ya saa nne, na mara nyingi vyote viwili vinamhusu mwanafunzi yuleyule.

Ubora wake mkubwa ni kwamba wawezeshaji hawayatenganishi mambo hayo mawili. Walitupa rejista halisi iliyofunikwa majina, wakatutaka tuisome kwanza kwa siku, kisha kwa mwanafunzi mmojammoja. Siku ambayo nusu ya darasa haipo huwa ni siku ya kudaiwa karo, au ni siku ya mvua kubwa iliyofurika katika vichochoro vya Mukuru. Mstari wa mwanafunzi mmojammoja husema jambo jingine. Msichana mmoja alikosa shule karibu kila Ijumaa, kwa sababu mama yake huenda Gikomba alfajiri kununua mitumba na yeye hubaki akimlea mdogo wake. Shule ilikuwa imemsimamisha masomo wiki mbili kwa utoro, hivyo adhabu yenyewe ikamnyima siku kumi za masomo, karibu sawa na Ijumaa zote za muhula mzima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mwalimu mkuu achunguze sababu ya mwanafunzi kutofika shuleni, na hapakuwa na barua wala kumbukumbu yoyote iliyoonyesha kwamba kuna aliyemuuliza.

Kuhusu haki katika nidhamu, tulipewa fomu ya kurasa mbili ambayo naiona yenye thamani kuliko kijitabu kizima walichotugawia. Shtaka huandikwa waziwazi, mwanafunzi hujieleza kwa maneno yake mwenyewe, mzazi au mlezi hualikwa, mwalimu aliyeleta shtaka haketi miongoni mwa waamuzi, na uamuzi huandikwa pamoja na sababu zake. Hilo la mwisho si hisani, kwani Ibara ya 47 ya Katiba inampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi mtu yeyote ambaye hatua ya kiutawala imeathiri au inaelekea kuathiri haki zake.

Palipopwaya ni kwenye adhabu mbadala. Wote tuliokuwepo tulijua kwamba Sheria hiyohiyo ya Elimu ya Msingi inakataza viboko, na kwamba anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Tulichohitaji ni kujua mwalimu mwenye darasa lililofurika afanye nini wakati huo huo fujo inapozuka, na swali hilo lilijibiwa haraka haraka chai ilipokuwa ikisubiri. Mifano mingi ilitoka shule za bweni, ilhali wengi wetu tunaongoza shule za kutwa, ambako mtoto hurudi jioni katika mazingira yaleyale yaliyomchelewesha asubuhi.

Programu yao ya kuwatumia wazazi ujumbe mtoto asipofika ni nzuri, lakini inadhani kila mzazi ana nambari moja isiyobadilika. Barua za mfano kwa wazazi nazo ziliandikwa kwa Kiingereza pekee, kosa kubwa kwa waraka unaomwita mlezi kuja kumtetea mtoto wake.

Ada haiko juu kwa shule kubwa, ingawa shule ndogo italazimika kuijadili na Bodi ya Usimamizi. Kwa maoni yangu, mkuu ambaye shule yake husimamisha wanafunzi mara kwa mara aende pamoja na mwalimu wake wa ushauri nasaha, wabebe rejista ya muhula uliopita, na waombe kikao cha adhabu mbadala kiongezewe muda kabla ya kulipa.